Aliyeziba Ufa Akajenga Ukuta: Historia ya Bujumbura Ndani ya Volkswagen Moja

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tulifundishwa tangu shule ya msingi, na kila mwalimu aliielekeza kwa mvivu, yule mtu aliyeona ufa akapita. Katika insha hii nataka kuiangalia kwa upande wake mwingine. Nataka kuonyesha kwamba ziko kuta zinazojengwa na watu ambao ufa waliuona, wakauziba, tena kwa bidii na akili nyingi. Ushahidi wangu ni gari moja tu, Volkswagen ya mwaka 1965 iliyoegeshwa nyuma ya nyumba ya babu yangu katika mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura.

Kazi ilianza na feri ya gurudumu moja la nyuma. Fundi alisema ni ya siku mbili. Miezi saba baadaye viti vya gari vilikuwa sebuleni, injini ilikuwa juu ya meza ya mbao, sakafu ilikuwa imekatwa, na fedha ambazo mama yangu aliziweka kwa ajili ya macho ya babu zilikuwa zimekwisha. Nalieleza jambo hili mapema ili msomaji ajue kwamba mwandishi wa insha hii si shahidi asiyehusika.

Swali langu ni hili: kwa nini matengenezo madogo ya gari la zamani hukua hadi yakawa mradi usiokwisha? Mtaani kwetu kuna majibu mawili yaliyozoeleka. La kwanza ni kwamba fundi huongeza kazi ili aongeze malipo. La pili ni kwamba mwenye gari hunogewa, akaanza kutaka kila kitu kiwe kipya. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, nami nitayarudia. Hoja yangu hata hivyo ni kwamba sababu kubwa ni ya kihistoria. Kila tengenezo la zamani lilifanywa ndani ya uhaba wa wakati wake, na anayelifungua gari leo hukutana na uhaba wa nyakati zote kwa mkupuo.

Vyanzo vyangu ni vinne: babu mwenyewe, fundi mzee wa Buyenzi aliyelihudumia gari hilo kwa zaidi ya miaka thelathini, daftari dogo la gharama ambalo babu alilihifadhi ndani ya kisanduku cha dashibodi, na gari lenyewe. Mhadhiri wetu wa historia simulizi hutuambia kwamba kitu nacho kinaweza kuhojiwa kama mtu. Nilidhani ni maneno ya darasani, hadi nilipoinua zulia la gari.

Gari lilivyofika Buyenzi

Buyenzi ni mtaa uliokua wakati wa Wabelgiji, Usumbura ilipokuwa makao makuu ya Ruanda-Urundi. Wakazi wake wengi walikuwa Waislamu waliozungumza Kiswahili, wenye asili za pwani, Tanganyika, Kongo na kwingineko. Kwa kuwa hawakuwa na mashamba milimani kama Warundi wengi, waliishi kwa kazi za mjini: biashara, ushonaji, ujenzi, udereva na ufundi. Ndiyo maana hadi leo mtu ambaye gari lake limegoma Rohero au Ngagara huambiwa alipeleke Buyenzi.

Lugha ya gereji zetu inaonyesha njia ambazo bidhaa zilipitia. Tunasema feri, buji na moteri, maneno yaliyotoka kwenye Kifaransa cha Wabelgiji. Lakini fundi huyohuyo, akizungumza na dereva wa lori kutoka Dar es Salaam, atasema breki, plagi na injini, maneno yaliyotoka kwenye Kiingereza upande wa pili wa ziwa. Kwa mkataba wa mwaka 1921, Uingereza iliwapa Wabelgiji sehemu zao za bandari Dar es Salaam na Kigoma, zilizojulikana kwa jina la Belbase. Mzigo ulishushwa Dar es Salaam, ukapanda treni ya reli ya kati iliyokuwa imefika Kigoma tangu 1914, kisha ukavuka Ziwa Tanganyika hadi Usumbura. Njia hiyo ndefu ina maana moja kwa mwenye gari: ikikatika mahali popote, spea haifiki.

Volkswagen yetu ilinunuliwa na babu mwaka 1974 kutoka kwa mwalimu wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao. Daftari linaanzia hapo. Kuhusu miaka miwili ya nyuma yake, 1972 na 1973, nikimuuliza babu hunijibu kwa kuniuliza kama nimekula. Kuhusu gari, huzungumza bila kuchoka. Wakati huo alikuwa karani wa ghala bandarini, na alikuwa na sababu zake za kuchagua gari hilo. Injini yake inapozwa kwa hewa, kwa hiyo haina rejeta ya kuchemka mtu anapopanda kutoka ziwani, takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000. Aina hiyo ilikuwa imeshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1962, na vijana wa wakati wake walilijua hilo kama sisi tunavyojua matokeo ya mpira. Mjini watu waliita Coccinelle. Nyumbani kwetu jina lake ni Kobe.

Kobe alitembea, kwa vipindi, hadi mwaka 2013. Tarehe 27 Januari mwaka huo soko kuu la Bujumbura liliungua, na meza ya bibi ya vitenge ikaungua pamoja nalo. Tangu siku hiyo hapakuwa na fedha ya gari. Mwaka 2015 sehemu ya ukoo wetu ilivuka kwenda Tanzania, na waliporudi walikuta magurudumu yamekaa chini kabisa na kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma.

Halafu mwaka juzi akaja mnunuzi. Ni mtu anayependa magari ya kale, na bei aliyoitaja ilitosha kumfanyia babu upasuaji wa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Sharti lake lilikuwa fupi: gari liwake na lisimame. Tulisafisha kabureta, tukaazima betri, stata ikalia bila kuzungusha kitu, tukalisukuma barabarani na likawaka. Watoto walipiga makofi. Nilipokanyaga feri, pedali ilishuka hadi sakafuni na Kobe akasimamishwa na lundo la mchanga.

“Ni feri tu, Mama,” nilisema.

Mama alikuwa ameshaweka akiba sehemu ya fedha za jicho la kwanza. Akanipa, kwa makubaliano kwamba zitarudi siku gari litakapouzwa.

Kutoka feri moja hadi nne

Volkswagen za mwaka 1965 zina mfumo mmoja wa feri. Mafuta ya feri yakivuja kwenye gurudumu moja, yote manne yanabaki bila nguvu. Fundi aliona unyevu kwenye gurudumu la nyuma kushoto, na ili kulifungua ilibidi kutoa nati moja kubwa ya milimita 36. Nati hiyo ilichukua siku mbili zile alizozitaja. Kona zake zilikuwa zimeliwa na tindo, maana aliyekuja kabla yetu hakuwa na spana ya kipimo hicho, akaipiga nyundo kuifungua na akaipiga tena kuifunga.

“Nani aliipiga hivi?” niliuliza.

“Mimi,” alisema fundi. “Mwaka tisini na saba.”

Tulipoifungua hatimaye, vipira vya ndani vilikuwa vimevimba na kulainika kama maharage yaliyolala kwenye maji. Fundi alivigeuza kwenye kiganja, akanieleza bila kuona aibu. Tarehe 31 Julai 1996, siku chache baada ya Meja Buyoya kutwaa tena madaraka, nchi jirani zilikutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Vilidumu hadi Januari 1999 viliposimamishwa. Katika miaka hiyo mafuta halisi ya feri yalikuwa adimu na ghali. Fundi aliweka mafuta mepesi ya mashine aliyoyapata. Alijua kwamba mafuta ya namna hiyo huvimbisha mpira wa feri. Alijua pia kwamba kwa miezi kadhaa yangefanya kazi, na kwamba bibi alihitaji kufika sokoni na mizigo yake kabla ya amri ya kutotoka nje usiku.

Hapa ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza jinsi kazi inavyokua. Gurudumu moja likivuja kwa sababu ya uchakavu, unatengeneza gurudumu moja. Lakini mafuta yasiyofaa yakishaingia kwenye mfumo, yamefika kila mahali. Vipira vya magurudumu yote manne, vya masta silinda na mabomba ya mpira, vyote vilibidi kutolewa. Hakuna aliyetudanganya. Uamuzi wa mwaka 1997 ulikuwa umeigeuza feri moja kuwa feri nne, na ukangoja miaka karibu thelathini kutuambia.

Katika daftari la babu, ukurasa wa kipindi hicho una maneno machache kuliko kurasa nyingine zote. Petroli haiandikwi tena kwa lita, bali kwa chupa.

Bati la sakafuni

Baada ya vipira vipya, tulijaribu kusukuma mafuta kwenda nyuma. Hayakufika. Bomba jembamba la chuma linalopita sakafuni lilikuwa limetoboka kwa kutu, na ili kulibadilisha ilibidi kutoa viti na zulia.

Kwenye gari hili betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Asidi yake hudondoka, na bati la chini yake huoza kabla ya sehemu nyingine. Tulichokikuta mahali hapo kilikuwa kiraka kikubwa kilichopigiliwa rivet na kupakwa lami. Fundi alikwangua lami, herufi zikatokea: maneno ya Kiingereza ya mafuta ya kupikia, na chini yake jina la Marekani. Lilikuwa debe la msaada wa chakula lililofunguliwa na kunyooshwa.

Nakiri kwamba nilikasirika. Nilimwambia fundi kwamba hiki si kiraka, ni ulaghai. Mtu alimlipisha babu yangu kwa kumfunika shimo na takataka. Fundi hakujibu. Aliliinua debe kwa koleo, na vipande vya sakafu vikaja nalo. Kwa kuwa lilikuwa limefunika shimo vizuri kiasi cha kutoonekana, maji na asidi vilikuwa vimekaa kati ya bati mbili kwa miaka mingi. Shimo ambalo pengine lilikuwa na upana wa sahani sasa lilikuwa na upana wa sinia, na kutu ilikuwa imefika kwenye ukingo ambako bodi hufungwa kwa bolti juu ya shasi.

“Tufungue au tufunge?” aliuliza.

Kufunga kulimaanisha kupigilia debe jingine, kupaka lami na kumwita mnunuzi. Kufungua kulimaanisha kukata sakafu na kuchomelea bati jipya. Nilisema tufungue. Wakati huo niliamini kwamba nasema hivyo kwa uaminifu kwa mnunuzi.

Volti sita na volti kumi na mbili

Huwezi kuchomelea chuma huku nyaya za umeme zikining'inia juu yake. Tulianza kuzitoa, nazo zikatuonyesha tabaka la zamani zaidi. Volkswagen ya 1965 ilitoka kiwandani na umeme wa volti 6. Kiwanda chenyewe kilihamia volti 12 katika magari ya mwaka wa 1967. Kadiri miaka ilivyokwenda, betri na balbu za volti 6 zilitoweka madukani Bujumbura. Kwa mujibu wa daftari, mwaka 1983 babu aliweka betri ya volti 12, balbu za volti 12 na jenereta iliyotumika. Stata haikubadilishwa. Stata ya volti 6 ikipewa volti 12 hufanya kazi, tena kwa nguvu kuliko kawaida, na babu anasema mwanzoni alijiona ameshinda.

Nguvu hiyo ya ziada ndiyo iliyokula meno ya flaiwili, kidogo kidogo, kwa miaka thelathini. Ndiyo maana stata ililia bila kuzungusha kitu siku ile tuliyolisukuma gari. Dalili tuliisikia wote tukaipuuza, kwa sababu gari liliwaka na watoto walipiga makofi.

Ili kuifikia flaiwili, injini lazima itoke. Injini ya Kobe imeshikwa na bolti nne tu, na katika vitabu vya ufundi jambo hili husifiwa. Mimi sasa naliona kama hatari, kwa sababu kinachotoka kwa urahisi hutolewa kwa urahisi. Jioni moja ilikuwa mezani. Tulitafuta flaiwili ya volti 6, yenye meno 109, hatukuipata. Ile ya volti 12 ina meno 130 na ni kubwa zaidi, inataka stata yake, klachi yake, na kuparuza kidogo ndani ya nyumba ya gia ili ienee. Kwa hiyo uamuzi wa mwaka 1983 wa kubadilisha betri sasa ulidai vitu vinne.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini spea ziwe adimu kwa gari lililotengenezwa kwa wingi kiasi hicho. Jumla ya Volkswagen za aina hii zilizotoka viwandani ni 21,529,464. Utengenezaji wake Ujerumani ulikoma mwaka 1978, na ile ya mwisho kabisa ilitoka Mexico tarehe 30 Julai 2003. Duniani spea zipo. Lakini maduka ya Buyenzi hufuata magari yaliyopo barabarani, na kwa miaka mingi barabara zetu zimekuwa za Toyota zilizotumika, nyingi zikiwa na usukani wa kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia. Muuzaji hawezi kuweka rafuni flaiwili itakayomngoja mteja mmoja kwa miaka kumi.

Yetu ilitoka Nairobi. Kwa njia ya kawaida ingepitia Kampala na Kigali, lakini Burundi ilikuwa imeufunga tena mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Ikazungukia Tanzania na kuingilia Kobero, na nauli yake ikazidi bei yake. Ilipofika, fundi hakuweza kufika kwetu kwa wiki mbili kwa sababu pikipiki yake ilikuwa kwenye foleni ya petroli. Nilikuwa nimeanza kuandika juu ya uhaba wa mwaka 1997 kama jambo lililopita.

Maadamu

Sasa nirudi kwa majibu mawili ya mtaani. La fundi kuongeza kazi, katika kesi hii, halina ushahidi. Nimehesabu kwenye daftari, ambalo sasa naliandika mimi. Mara tatu fundi aliniuliza kama tufungue au tufunge: kwenye bomba, kwenye sakafu na kwenye injini. Mara zote tatu yeye alipendekeza tufunge. Sisemi mafundi wote wako hivyo. Nasema kwamba aliyejua historia ya gari alikuwa mwoga wa kulifungua, na asiyeijua ndiye aliyekuwa jasiri.

La mwenye gari kunogewa linanihusu. Neno lake ni moja: maadamu. Maadamu viti vimetoka, tuvishone upya. Maadamu injini imetoka, tupake rangi mahali pake. Maadamu tunapaka rangi humo, tuguse na milango. Sentensi zinazoanza na maadamu huonekana za busara, kwa sababu kila moja peke yake inapunguza gharama. Kazi ingekuwa ghali zaidi ikifanywa kesho. Ubaya wake ni kwamba hazina mwisho, kwani kila maadamu huzaa nyingine. Katika hesabu zangu, vitu visivyohusiana kabisa na sharti la mnunuzi, yaani rangi, vitambaa vya viti na vifuniko vya magurudumu vinavyong'aa, vilichukua karibu theluthi moja ya fedha. Uhaba wa mwaka 1983 na vikwazo vya 1996 vinaeleza theluthi mbili. Theluthi iliyobaki ni yangu.

Katika mwezi wa tano mnunuzi alipiga simu kusema amepata gari jingine. Nilimweleza mama jikoni. Aliendelea kuchambua mchele. Baada ya muda akasema, “Babu yako ananiuliza kila siku kwa nini taa za nyumba hii siku hizi ni hafifu.”

Sikulijua jambo hilo. Nilikuwa uani kutwa, mita kumi kutoka kwenye kiti chake, nikichunguza historia yake.

Macho ya babu hayakuokolewa na Kobe. Ukoo ulichanga. Baba mdogo aliyeko Kigoma alituma sehemu kubwa, na jicho moja, la kulia, lilifanyiwa upasuaji mwezi wa saba. La pili linasubiri.

Wiki mbili baada ya upasuaji, babu aliomba apelekwe uani. Alilitazama gari lililofunguliwa kwa muda mrefu, akainama na kuliokota lile debe nililokuwa nimelitupa kando ya ukuta. Akasoma herufi zake kwa sauti, moja moja, nadhani kwa sababu tu aliweza. Kisha akasema kwamba debe hilo alilinunua yeye, tupu, sokoni, mwaka 1997, kwa mama mmoja aliyekuwa amekimbia kutoka Kamenge. Madebe ya namna hiyo yalikuwa na bei siku zile. Watu waliyafanya milango, vipimo vya unga, masufuria. Alilikata mwenyewe kwa mkasi wa bati, akampelekea fundi. Fundi alikataa malipo ya kazi hiyo kwa sababu, alisema, haikuwa kazi ya kumlipisha mtu.

Kwa hiyo nilichokiita ulaghai kilikuwa tengenezo bora kuliko yote lililowezekana mwaka ule, lililofanywa na watu wawili waliojua kwamba halitadumu. Nilikwenda kwa fundi kumwomba radhi. Alinituma nikamnunulie chai.

Hitimisho

Ukuta tulioujenga Buyenzi haukutokana na uvivu. Babu alibadilisha betri kwa sababu ile ya zamani haikupatikana tena. Fundi alitumia mafuta ya mashine kwa sababu mpaka ulikuwa umefungwa, na wote wawili walitumia debe kwa sababu bati halikuwepo. Kila mmoja aliziba ufa wake. Ila kila kiraka kiliuficha ufa huo badala ya kuumaliza, na hakuna kiraka kilichomwambia anayefuata kilikuwa cha muda gani. Kazi ndogo hukua pale ambapo matengenezo ya muda yamesahaulika kwamba ni ya muda.

Kuna mfano wa kinyume chake hapahapa ziwani. Meli tunayoiita Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma vitani waliizamisha wenyewe. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mashine grisi nzito, wakitumaini kwamba siku moja itaibuliwa. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ilianza kazi tena. Mwaka 2015 meli hiyohiyo iliwabeba maelfu ya Warundi kutoka Kagunga hadi Kigoma, na baadhi ya jamaa zangu walikuwa ndani yake. Waliopaka grisi ile hawakuwafikiria jamaa zangu, walijifikiria wenyewe. Lakini walifanya jambo ambalo sisi kwenye gari letu hatukulifanya: walipokuwa wakiifunga mashine, walimkumbuka atakayeifungua.

Ninapoandika haya, Kobe ana sakafu mpya na feri nne zinazoshika. Injini bado iko mezani, kwani klachi tuliyoletewa si ya kipimo chake. Tumekubaliana na mama kwamba hakuna senti itakayoingia humo hadi jicho la pili litibiwe, nami nimefuta maadamu zote zilizobaki kwenye orodha yangu. Kabla ya kurudisha kiti cha nyuma, fundi na mimi tuliandika kwa rangi nyeupe juu ya bati jipya, mahali ambapo betri itakaa: tarehe, aina ya mafuta ya feri tuliyotumia, na kwamba waya wa taa ya nyuma kulia ni wa nyumba, si wa gari, ubadilishwe utakapopatikana. Babu alishika kopo la rangi. Alisema maandishi ni madogo mno, tukayaandika upya kwa herufi kubwa.